Mume wangu anataka mwaka mzima wa kukaa nasi. Nimwambie kuwa nina akiba?

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Kivule, Dar es Salaam. Ni fundi cherehani, nashona zaidi sare za shule. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, anatoa mizigo bandarini kupeleka Lubumbashi. Ana miaka 14 kwenye kazi hiyo, na ndoa yetu ina miaka 16. Nakuandikia wewe kwa sababu jambo hili nikimweleza mtu wa huku mtaani, kesho litakuwa limeshafika saluni.

Mwezi wa tatu mwaka huu alirudi baada ya siku 41. Foleni ya mpakani Kasumbalesa, kati ya Zambia na Kongo, ilikuwa ndefu, halafu wakati wa kurudi gari likaharibika Zambia, akangojea spea. Alifika nyumbani saa moja jioni. Mtoto wetu wa mwisho ana miaka minne. Aliposikia hodi akakimbia kufungua, akamwangalia baba yake kuanzia chini mpaka juu, akarudi jikoni kuniambia, "Mama, kuna mgeni." Mwenzangu alikuwa amesimama pale mlangoni na begi lake na kiroba cha viazi vya Mbeya. Hakusema kitu. Alikwenda kukaa kwenye kochi bila kuvua viatu.

Usiku ule hakupata usingizi. Alfajiri akaniambia, "Nataka mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu, tukae wote."

Nilidhani yatapita, hayakupita. Mpango wake ni kwamba Januari tufunge nyumba, tuhamie Ujiji, Kigoma, kwa mama yake mpaka Desemba. Mama ana miaka 78, anaishi na mjukuu mmoja wa kike, na amekataa katakata kuhamia Dar. Mume wangu anataka twende kwa treni, siku mbili njiani, kwa sababu anasema nchi hii yote ameiona akiwa ameshika usukani, sasa anataka kukaa dirishani na watoto. Kule atakuwa ananunua dagaa na kuwatuma Dar, tupate cha kujikimu.

Kuhusu pesa, amepiga hesabu ya shilingi milioni 12, yaani milioni moja kila mwezi. Anataka kuuza kiwanja chetu cha Chanika, ambacho anasema hakikosi milioni 7. Anataka kuacha kazi ili achukue hela zake za NSSF. Mimi nitoe pesa za kikoba, tutakapovunja Desemba hisa zangu zitafika kama 3,300,000. Kitakachopungua tuchangishe ndugu na marafiki. Hili la mwisho ameshalianza bila kuniambia. Amefungua kundi la WhatsApp lenye watu 63, akaliita "Mwaka wa Familia". Baba yake mdogo akawa wa kwanza kuandika: "Nani anaumwa?" Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi ni mweka hazina wa kikoba, nimekaa kwenye kamati za harusi tatu, najua watu wanavyosema wakipewa kadi ya mchango wa jambo wasilolielewa.

Mama, haya yote ningeweza kuyabishania. Kinachoninyima usingizi ni kingine. Tangu mwaka 2019 ninaweka pesa UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Mteja wangu mmoja, mwalimu, ndiye aliyenifundisha. Nikimaliza oda natuma kwa simu, leo elfu kumi, kesho elfu thelathini. Sasa hivi zimefika 6,100,000. Mume wangu hazijui. Siyo kwamba ni mtu mbaya. Mwaka 2017 alimpa kaka yake pesa zetu zote za akiba wakafanye biashara ya bodaboda, na hazikurudi. Lakini hata hiyo siyo sababu yenyewe. Kila akiniambia anakaribia kushuka mlima Kitonga, mimi naacha cherehani naomba Mungu. Pesa zile niliziweka kwa ajili ya siku ambayo simu yake itapigwa na mtu nisiyemjua.

Sasa anataka kushuka kwenye lori kwa hiari yake, na mimi ndiye ninayemwambia hatuna uwezo. Kila nikisema "hatuna uwezo" nahisi nasema uongo, na kila nikitaka kumwambia naogopa.

Na watoto pia. Wa kwanza ni binti wa miaka 15, yuko kidato cha pili, ameshasema yeye hendi popote. Wa pili yuko darasa la nne, yeye ameanza kuuliza kama ziwani kuna mamba. Na wateja wangu, je? Januari ndiyo msimu wangu wa sare, Novemba hadi katikati ya Januari huwa napata faida ya kama 1,500,000. Nikiondoka, nikirudi nitawakuta wameshazoea fundi mwingine.

Nimwambie? Au ninyamaze mpaka wazo limtoke?

Mama wa Watatu, Kivule

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale kwenye "kuna mgeni". Acha nikuambie mapema upande ninaoegemea, ili maneno yangu uyapime vizuri. Baba yangu mzazi naye kazi yake ilikuwa ya safari. Alitusomesha wote, hakuna aliyelala njaa. Lakini nilikuwa nimeshaolewa ndipo nilipojua kwamba hanywi chai yenye tangawizi. Miaka yote alipokuja nilikuwa nikimpikia ya tangawizi, naye alikuwa akiinywa kimya kimya, kama anavyofanya mtu aliyefika kwa watu. Kwa hiyo mume wako namwelewa. Lakini aliyeniandikia ni wewe, na wewe pia nakuelewa.

Mumeo anaomba muda. Wewe umeulizwa juu ya pesa. Mnapozungumza, yeye anasikia kwamba watoto wake hawana thamani ya milioni 12, na wewe unasikia kwamba kazi yako ya miaka yote inakwenda kuliwa kwa mwaka mmoja. Hakuna kati yenu aliyesema maneno hayo, lakini nadhani ndiyo mnayojibizana.

Kwa hiyo kabla ya kugusa hata shilingi, ningependa umuulize kwa upole: huo mwaka unatakiwa ufanye nini? Je, anataka watoto wamjue? Anataka kuwa karibu na mama yake kabla siku hazijaisha? Au amechoka, mwili wenyewe umekataa, na anaona aibu kusema hivyo? Inaweza kuwa yote matatu, ila dawa zake hazifanani. Mama wa miaka 78 hangojei, huo ni ukweli. Mtoto wa miaka minne anaweza kumzoea baba yake hapohapo Kivule, akiwa analala nyumbani kila siku. Na mtu aliyechoka anahitaji kupumzika kwanza, hata kabla ya Januari.

Hapo nina swali lingine dogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Mumeo katika miaka 14 ameshawahi kukaa nyumbani siku 28 mfululizo? Huenda kampuni inamlipa badala ya kumpa likizo, huenda hajawahi kuuliza. Sisemi siku 28 zinatosha kuwa badala ya mwaka. Nasema mkiwahi kuzipata mwaka huu, hata Juni au Septemba, mtakuwa mmefanya jaribio. Maana kuna jambo ambalo hukuliandika, na nadhani linakutisha kidogo. Kama huwa anarudi siku nne au tano kwa mwezi, basi siku zote alizolala nyumbani tangu aanze kazi hiyo hazifiki miaka mitatu. Ninyi ni wanandoa wa miaka 16 ambao kwa miaka 14 hamjawahi kukaa pamoja mwaka mmoja mfululizo. Unajua ratiba ya maji, deni la dukani na mtoto gani ana pumu. Yeye anajua njia. Akikaa tu nyumbani wiki ya tatu, mtaanza kugongana jikoni. Ni afadhali kulijua hilo Kivule kuliko kuligundua Ujiji mbele ya mama mkwe.

Na habari ya mama mkwe nayo tuiseme. Mwaka huo ni wa mapumziko ya nani? Nimekuona kwenye picha hiyo: watu saba ndani ya nyumba moja, bibi anahitaji maji ya moto asubuhi, mwanamume amerudi kwao baada ya miaka mingi na wageni wanamiminika kumsalimia. Nani anapika? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini mke wa mtoto wa kiume nyumbani kwa mkwewe huwa anapewa jembe siku ileile anayoshusha mizigo. Huenda unaipinga safari hii kwa sababu ya pesa, huku sehemu ya moyo inaogopa kwamba likizo ya mwenzio itakuwa zamu yako. Kama nimekosea nisamehe. Kama sijakosea, liseme hivyohivyo kwa mumeo, maana ni jambo linalozungumzika. Kuamua nani atamhudumia bibi asubuhi ni rahisi kuliko kuamua bei ya kiwanja.

Sasa tuje kwenye daftari. Mumeo amezidisha milioni moja kwa miezi 12 akaishia hapo. Karibu kila familia iliyowahi kuniuliza jambo la namna hii hukosea palepale: inahesabu miezi 12, na kinachokuja kuwaumiza ni mwezi wa 13. Yaani ile Januari ya kurudi. Nyumba, kama mliipangisha, ina mpangaji ambaye hajatoka, mume anatafuta gari la kuendesha, watoto wanataka sare na madaftari, na wewe huna hata oda moja. Ningependa mwezi huo uwe wa kwanza kuandikwa kwenye daftari lenu.

Hebu tujaribu kwa tarakimu zako, nawe utarekebisha. Maisha ya Ujiji, hakuna kodi, mawese na dagaa viko karibu, tuweke laki 6 kwa mwezi, kwa mwaka ni 7,200,000. Nauli na mizigo kwenda na kurudi, 1,000,000. Dharura, hasa ya hospitali, 1,000,000, na hapa ukumbuke kwamba akiacha kazi, kama bima yenu ya afya ilikuwa ya mwajiri, nayo itakwenda. Kisha kurudi: miezi mitatu ya maisha ya Dar wakati anatafuta kazi, tuchukue 950,000 kwa mwezi, ni 2,850,000, na shule Januari laki 4. Jumla 12,450,000. Unaona, tumefika karibu na hesabu yake, ila ndani yake mna na kurudi.

Upande wa kuingiza, kuna kitu ambacho hakuna kati yenu aliyekitaja. Mnafunga nyumba! Kwa nini mfunge? Nyumba ya Kivule ikipangishwa hata kwa 250,000 kwa mwezi ni 3,000,000 kwa mwaka, na hapa Dar wenye nyumba wengi wanachukua kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kikoba 3,300,000. Msimu wako wa sare 1,500,000. Halafu posho zake za safari: kama mnaweza kubana 400,000 kila mwezi kuanzia Mei hii hadi Desemba, miezi 8, ni 3,200,000. Jumla 11,000,000. Pengo ni 1,450,000.

Usiifurahie karatasi kupita kiasi. Mpangaji anaweza kuchelewa kupatikana, na foleni ya mpakani hula posho. Kubana 400,000 kwa mwezi kwa mtu ambaye hajawahi kuweka akiba yenye jina ni mtihani. Lakini mtihani huo una faida yake: kufikia Agosti mtakuwa mmeshajua kama mwaka huu anautaka kwa vitendo. Kama kufikia Agosti kuna 1,600,000 kwenye akaunti, mna safari. Kama kuna 300,000, mnaweza kuongea habari ya miezi mitatu au minne badala ya 12, bila mtu kumwona mwenzake adui.

Kiwanja cha Chanika kimekuwa cha kwanza kwenye orodha yake. Labda ni kwa sababu kuuza ni kwa siku moja na kuweka akiba ni kwa miezi. Kiwanja kilichouzwa kwa haraka huuzwa kwa bei ya mnunuzi, na kukinunua tena mwakani kwa bei hiyohiyo ni bahati. Wapo watu waliouza na hawakujuta. Ila muulizane kama kuna namna ya kukiweka kiwe cha mwisho.

Kuhusu NSSF, naomba mumeo aende ofisini kwao yeye mwenyewe kabla hajaandika barua ya kuacha kazi. Madereva wengi bado wanakumbuka enzi ambazo mtu akiacha kazi anachukua fao la kujitoa, yaani michango yake. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 mambo hayako hivyo. Kuna fao la kukosa ajira, nalo lina masharti, na limemlenga aliyepoteza kazi, siyo aliyeiacha kwa hiari yake. Vivyo hivyo kile kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka wa kazi, kwa kawaida kinamhusu anayeachishwa na mwajiri. Pesa za NSSF ningeziandika sifuri kwenye daftari, mpaka atakaporudi na jibu mkononi. Na kabla ya kuacha kazi kabisa, je, ameuliza habari ya likizo bila malipo? Mwajiri halazimiki kukubali. Lakini dereva wa miaka 14 asiyeangusha gari ni mali, na barua iliyosainiwa inayosema nafasi yake itamngoja ingepunguza uzito wa ule mwezi wa 13 kuliko milioni yoyote. Akikataliwa, kuna njia nyingine ya kuuliza: magari ya safari fupi, Dar hadi Morogoro, analala kwake. Mshahara utashuka. Hilo nalo ni la kupima.

Dagaa. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nimeona watu wakiingiza biashara ya dagaa kwenye hesabu kama mshahara. Ziwa Tanganyika huwa linafungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu mizima, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu katika mwaka wenu ni robo. Kama dagaa watauzika, iwe ni nyongeza. Cherehani yako naiamini zaidi: Kigoma ni mji wa vitenge, na fundi mzuri hakai bure. Lakini hapo tena tunarudi kwenye lile swali la nani anapumzika.

Michango sasa. Aibu uliyoisikia baba mdogo alipouliza nani anaumwa, naielewa sana. Kwetu mchango una anwani: harusi, msiba, hospitali, ada. Anayekuchangia anajua anachangia nini, na anajua wewe ulimchangia lini. Mwaka wa familia kukaa pamoja hauna anwani hiyo, kwa hiyo kila mmoja atauandikia yake: wanakwenda kula raha, amefukuzwa kazi, mke anaumwa anaficha. Na aliyetoa elfu hamsini atakuwa na haki ya kuuliza mbona mmenunua kochi. Mnaweza kuvumilia hayo, wengine wameyavumilia. Ila ndani ya kundi la watu 63 naona watu wachache ambao habari yao ni tofauti kabisa, nao ni ndugu wa tumbo moja wa mumeo. Hao huwa wanatuma chochote Ujiji kila mwezi kwa ajili ya mama? Kama wanatuma, mwaka huo ninyi ndio mtakaokuwa na mama usiku na mchana. Kuwaomba waendelee kutuma, au waongeze kidogo, siyo kuchangisha safari. Ni kugawana zamu ya mzazi, na huyo kaka wa bodaboda anaweza kuwa wa kwanza kuitwa kwenye kikao. Wale wengine, mumeo anaweza kuwaandikia maneno mawili ya ukweli na kulifunga kundi kwa heshima. Alifungua yeye, aachiwe alifunge yeye.

Umeona nimezunguka kote huko kabla ya kufika kwenye zile 6,100,000. Nilitaka uone kwanza kwamba safari inaweza kuhesabiwa bila hizo, ili ukiamua kuzitaja usizitaje kwa kuwa umebanwa ukutani.

Mwanangu, hukuiba. Ulishona usiku, ukaweka elfu kumi kumi, kwa ajili ya siku mbaya ya watoto wake. Lakini kuna kitu kimoja katika barua yako nataka ukiangalie tena. Pesa hizo umeziweka kwa hofu ya barabara. Yeye ameomba kushuka barabarani, kwa sababu ya hofu nyingine. Mlikuwa mnaogopa pamoja miaka yote hii, kila mtu kwenye chumba chake. Sijui kama yeye anajua kwamba akikaribia Kitonga wewe unaacha cherehani. Je, umewahi kumwambia?

Ukimwambia kila kitu, kuna hatari mbili ninazoziona. Ya kwanza ni kwamba ataumia, aseme "miaka yote hukuniamini", na itabidi umruhusu aumie bila kukimbilia kujitetea na habari ya bodaboda. Ya pili ni kwamba pesa zikishajulikana zinapata miguu, posho zinaachwa kubanwa kwa kuwa "mama watoto anazo". Unaweza kuikabili kwa kuzipa jina siku hiyohiyo: hizi ni za mwezi wa 13, au hizi ni za watoto, kiasi fulani tu kitaziba pengo na kingine hakiguswi. Kwenye hesabu yetu, mkiziba pengo lote zingebaki 4,650,000.

Ukinyamaza nako kuna gharama. Wazo linaweza kumtoka kweli. Au linaweza lisimtoke, auze kiwanja kwa kuamini hamna njia nyingine, halafu siku moja apate ujumbe wa UTT kwenye simu yako. Hapo mtakuwa hamzungumzii pesa tena. Kuna na njia ya katikati, kumwambia kwamba ipo akiba na lengo lake bila kutaja kiasi. Wanawake wengi huichagua hiyo. Inapunguza joto, ila mara nyingi swali linalofuata ni "kiasi gani?", kwa hiyo uwe na jibu unaloweza kuishi nalo.

Watoto sitawasemea sana. Kwa bahati, mwakani hakuna atakayekuwa kwenye mwaka wa mtihani wa taifa: huyu anatoka kidato cha pili kwenda cha tatu, yule anatoka darasa la nne kwenda la tano. Lakini kidato cha tatu ndipo safari ya kidato cha nne inapoanza, na uhamisho wa kwenda na kurudi una barua zake na nafasi zake, kwa hiyo anzeni na walimu wao mapema. Binti yako amesema hendi. Msimkaripie. Ana miaka 15, na rafiki zake wote wako Kivule. Mwulizeni hofu yake ni nini hasa, na kama jibu lake litabadilisha kitu kwenye mpango, kibadilisheni ili ajue alisikilizwa.

Na msimu wako wa Januari. Nilipoisoma sehemu hiyo nilijiuliza: lazima wote msafiri siku moja? Itakuwaje kama mumeo ataondoka na watoto mapema Januari shule zinapofunguliwa, wewe ukabaki wiki mbili tatu kumaliza sare zako, kupokea malipo, kukabidhi kikoba na kumwingiza mpangaji? Ni wiki chache za yeye kusuka nywele za mtoto, kutafuta soksi na kuulizwa maswali usiku. Anaweza kulemewa. Huyo mdogo anaweza kulia siku mbili nzima ndani ya treni. Lakini ndicho alichokiomba, na ukifika Ujiji utawakuta tayari wana mambo yao ambayo wewe huyajui. Fundi wa kukushikia wateja hadi utakaporudi anaweza kuwa mwanafunzi wako mmoja, mkiandikishana gawio. Siyo wote watakaokungoja.

Kama sasa yuko njiani, usimwandikie haya kwenye simu. Akirudi, watoto wafungue mlango. Mpe siku mbili alale, ale, apumue. Siku ya tatu watume watoto kwa jirani, toa daftari, na kabla ya hesabu yoyote mwambie habari ya Kitonga. Kisha niandikie aliitikiaje.